Miaka michache inayoamua mifupa ya binti

Ukiinua picha ya eksirei ya kifundo cha mkono cha msichana wa miaka 11 na kuielekeza kwenye mwanga, karibu na ncha ya mfupa utaona mstari mweusi mwembamba unaokatiza upande hadi upande. Mzazi ambaye hajaelezwa hushtuka, akadhani hapo ndipo palipovunjika. Sipo. Huo ni mstari wa gegedu, sehemu laini ambako mfupa unaongezeka urefu, na kila mtoto anayekua anao. Palipoumia ni juu yake kidogo: ganda la nje la mfupa limejikunja na kutoa kinundu, kama kopo lililokanyagwa. Binti alikuwa anakimbia, akajikwaa, akatanguliza kiganja. Anafungwa plasta, wiki chache baadaye inatolewa, na habari inaishia hapo.

Naamini isingepaswa kuishia hapo. Karibu kila tunapozungumza hadharani juu ya kalsiamu na mifupa, tunayezungumza naye ni mama aliyekwisha kukoma hedhi, ambaye nyonga inamsumbua au mgongo umeanza kupinda. Tunamwambia anywe maziwa, ameze vidonge, ajihadhari na sakafu yenye maji. Ni haki yake kuambiwa hivyo. Lakini mfupa anaohangaika kuuokoa akiwa na miaka 60 ulijengwa kwa kasi kubwa zaidi alipokuwa kati ya miaka 10 na 16, wakati ambao hakuna aliyemuuliza anakula nini wala anacheza nini. Walichomuuliza ni mbona amenenepa, au mbona amerefuka ghafla.

Tuanze na huo mkono uliovunjika, kwa sababu una jambo la kutufundisha. Katika balehe mfupa hurefuka kwanza, madini yakaufuata nyuma. Watafiti wa Saskatchewan, Kanada, walianza mwaka 1991 kuwapima watoto wale wale mwaka hadi mwaka. Waliona kwamba kasi ya kurefuka hufika kileleni kwanza, na kasi ya kuweka madini mfupani hufika kileleni miezi kadhaa baadaye: kwa wasichana wakiwa na miaka 12 na nusu hivi, kwa wavulana karibu na miaka 14. Kati ya vilele hivyo viwili kuna kipindi ambacho mfupa umetangulia urefu na bado haujapata uimara wake. Ndicho kipindi ambacho mivunjiko ya kigasha huzidi kwa watoto. Si utundu peke yake.

Utafiti huo huo ulitoa hesabu ambayo kila mzazi wa binti angefaa kuijua. Katika miaka miwili tu inayozunguka kilele hicho, mtoto hujiwekea takriban asilimia 26 ya madini yote ya mifupa atakayokuwa nayo utu uzimani. Zaidi ya robo, kwa miaka miwili. Siku za kilele chenyewe, mwili wa msichana ulikuwa unaweka mfupani karibu miligramu 284 za kalsiamu kila siku. Hizo ni zilizobaki mfupani, siyo alizokula. Utumbo haunasi kila kinachopita. Hata katika balehe, unaponasa vizuri kuliko utakavyonasa utu uzimani, huchukua kama theluthi tu, na sehemu ya hiyo theluthi hutoka tena kwa mkojo na jasho. Kwa hiyo ili zibaki 284, lazima zipite mdomoni zaidi ya 850, kabla hujahesabu zinazopotea njiani.

Sasa angalia kalenda. Msichana huvunja ungo, kwa wastani, karibu na wakati ule ule wa kilele. Yaani siku familia inapoanza kumwona kuwa anakuwa mwanamke na kuanza kumweka chini kuzungumza naye juu ya mwili wake, ujenzi wa mifupa uko juu kabisa au umeshaanza kushuka. Miaka miwili hadi minne baadaye kasi imepungua sana. Akifika miaka 18, amekusanya hadi asilimia 90 ya mfupa wote atakaowahi kuwa nao. Wahenga walisema udongo uupate ungali maji, na sijui kiungo kingine cha mwili ambacho msemo huu unakifaa zaidi.

Wataalamu hupenda kufananisha mifupa na akaunti ya akiba. Weka ukiwa kijana, utoe ukiwa mzee. Mfano huo ni mzuri ila una kasoro inayoweza kumpoteza mtu: akaunti hupokea fedha siku yoyote unayopata. Mfupa haupokei hivyo. Mwanamke wa miaka 35 anaweza kuulinda alionao, na afanye hivyo, lakini dirisha lile la miaka 12 halifunguliwi tena hata akinywa maziwa asubuhi na jioni.

Kuna jambo jingine ambalo huwafariji wazazi kwa makosa, nalo ni kipimo cha damu. Binti amepimwa, karatasi inasema kalsiamu iko sawa, basi mambo ni shwari. Ukweli ni kwamba asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili iko kwenye mifupa na meno. Asilimia moja iliyobaki ndiyo inayoufanya moyo upige, misuli ijikaze na mishipa ya fahamu ipeleke taarifa, na mwili hauko tayari kuichezea hiyo hata kwa saa chache. Shingoni, nyuma ya tezi ya dundumio, kuna tezi nne ndogo kama punje, na kazi yao ni kupima kalsiamu ya damu muda wote. Ikishuka kidogo tu zinatoa homoni inayoziamuru figo zisiimwage, inausukuma mwili utengeneze vitamini D iliyo tayari kwa kazi ya kuusaidia utumbo kunasa kalsiamu, na inafungua ghala la mifupa ili pengo lizibwe. Damu inabaki sawa. Aliyelipa ni mfupa, na karatasi ya maabara haimtaji. Ndiyo maana binti anaweza kukosa kalsiamu ya kutosha kwa miaka mitano bila kuumwa chochote, bila kukonda, bila dalili yoyote.

Anahitaji kiasi gani basi? Hapa wakubwa hawakubaliani. Marekani inasema miligramu 1,300 kwa siku kuanzia miaka 9 hadi 18. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inasema 1,150 kwa miaka 11 hadi 17. Uingereza inaridhika na 800 kwa wasichana wa miaka 11 hadi 18. Tofauti ya miligramu 500 siyo ndogo, ni kama glasi moja na nusu ya maziwa kila siku. Inatokana na jinsi kila jopo lilivyokadiria kinachonaswa na kinachopotea. Mimi naegemea namba za juu kwa miaka ile mitatu au minne ya kilele, kwa sababu ya hesabu ya 284 niliyoieleza. Lakini sioni faida ya kubishania namba na mzazi ambaye binti yake anapata 400. Huyo yuko chini ya zote tatu.

Wala tusidhani kwamba zaidi ni bora daima. Nchini Gambia, watoto waliokuwa wakiishi kwa takriban miligramu 300 kwa siku walipewa nyongeza kubwa ya kalsiamu kwa mwaka mmoja kabla ya balehe, kisha wakafuatiliwa hadi ukubwani. Wavulana waliopewa nyongeza walianza kurefuka mapema kuliko wenzao, wakaacha mapema pia, na walipokuwa watu wazima walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 3.5. Hakuna aliyetarajia hilo. Mwili uliokwisha kuzoea kidogo hauchukui kingi ukakitumia kama tunavyotaka sisi. Upande wa pili, kuna sakafu ambayo chini yake mwili hauwezi kuzoea: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kutoka Nigeria ulihusu watoto wenye matege waliokuwa wakipata karibu miligramu 200 tu kwa siku. Jua, ambalo huupa mwili vitamini D, walikuwa nalo. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D pekee. Walichopungukiwa hasa ni madini yenyewe.

Hapo ndipo linapokuja suala la vidonge, na nataka nilieleze bila kupendelea upande. Mwaka 1992 yalitoka matokeo ya utafiti uliotumia pacha wanaofanana. Mmoja alipewa kalsiamu, mwenzake kidonge kisicho na kitu, kwa miaka mitatu. Waliokuwa bado hawajaingia balehe walipata mfupa zaidi kuliko pacha wao. Waliokuwa ndani ya balehe hawakuonyesha tofauti. Vidonge viliposimamishwa, faida ile ikayeyuka. Mwaka 2006 watafiti walijumlisha majaribio 19 yenye watoto 2,859 na kukuta kwamba nyongeza ya kalsiamu iliimarisha kidogo mifupa ya mkono, karibu asilimia 1.7, na haikuonekana kufanya lolote kwenye nyonga wala uti wa mgongo. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2008 ulikuta faida iliyo wazi zaidi kwa watoto ambao tangu mwanzo walikuwa wanapata kalsiamu kidogo.

Wapo wanaosoma hayo na kuhitimisha kwamba kalsiamu imekuzwa bure. Sikubaliani nao, ingawa ushahidi wenyewe siupingi. Majaribio hayo yanaonyesha kwamba mwaka mmoja au miwili ya vidonge haibadilishi sana mifupa ya mtoto. Hayaonyeshi kwamba miaka kumi ya kula vizuri haina maana. Mwaka 1979 mtafiti Velimir Matkovic na wenzake walichapisha ulinganisho wa wilaya mbili za Kroatia ya leo, moja ikila vyakula vya maziwa kwa wingi, nyingine kwa uchache. Watu wa wilaya ya kwanza walikuwa na mifupa minene zaidi na mivunjiko michache ya nyonga uzeeni. Kilichowavutia watafiti ni kwamba tofauti hiyo ilikuwepo tayari kwa watu wa miaka 30, na haikuongezeka baada ya hapo. Wilaya hizo zilitofautiana kwa mengine pia, kwa hiyo ulinganisho wa namna hii hauwezi kuthibitisha kila kitu. Lakini unaelekeza kidole kwenye utoto na ujana, na kwenye chakula cha kila siku.

Nafikiri kosa letu kubwa ni kuuona mfupa kama mtungi unaojazwa. Mfano wa ujenzi unafaa zaidi. Mfupa una nondo na una zege: nondo ni protini iitwayo kolajeni, zege ni madini ya kalsiamu na fosforasi. Unaweza kumwaga malori ya kokoto na saruji kwenye kiwanja, lakini bila fundi hakuna ukuta utakaosimama. Na fundi wa mfupa husikiliza amri mbili: uzito unaoutikisa mfupa, na homoni ya estrojeni.

Amri ya kwanza ilionekana wazi kwa wanawake wa Finland wanaocheza tenisi na skwoshi. Mwaka 1995 walipimwa mikono yote miwili, ule unaoshika raketi na ule usioshika. Ni mtu yule yule, chakula kile kile, damu ile ile, maziwa yale yale. Mkono wa raketi ulikuwa na mfupa mzito zaidi. Na kwa wale walioanza kucheza kabla ya kuvunja ungo au wakati huo, faida ilikuwa mara mbili hadi nne ya walioanza zaidi ya miaka 15 baadaye. Kila ninaporudi kwenye utafiti huo naona hakuna tangazo la maziwa linaloweza kusema zaidi. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliwapa watoto kazi rahisi: kuruka kutoka kwenye sanduku la sentimita 61, mara 100 kwa kila zamu, zamu tatu kwa wiki, kwa miezi saba. Shingo ya mfupa wa paja, pale pale nyonga za wazee zinapovunjika, iliongezeka madini kuliko kwa watoto waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu.

Lakini umri huo ndio wasichana wanapoacha kuruka. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2016 zinaonyesha kwamba asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawakuwa wakifikia saa moja ya kujishughulisha kwa siku. Wavulana ni asilimia 78. Kifua kinaanza kuota, anaona haya kukimbia mbele za watu. Hedhi inaanza, hana pa kujisitiri, anaomba kukaa pembeni siku ya michezo. Wiki zinakuwa muhula, muhula unakuwa mwaka, na hakuna mwalimu wala mzazi anayehesabu kwamba mfupa nao umekaa pembeni.

Amri ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mtazame binti wa miaka 14 aliyeamua kupungua. Anachukua sahani, anaisogeza, anakata chakula vipande vidogo vidogo na kuvihamisha kutoka upande huu kwenda upande ule, na mwisho wa mlo sahani ni kama ilivyokuwa. Maziwa ameacha kwa kuwa yananenepesha. Mwili ukiona nishati haitoshi hufunga kwanza shughuli zisizo za lazima kwa uhai wa leo, na uzazi ni mojawapo. Hedhi inakatika, estrojeni inashuka, na seli zinazobomoa mfupa zinabaki bila wa kuzizuia, hapo hapo ambapo zinazojenga zilipaswa kuwa na msimu wao mkubwa. Kidonge cha kalsiamu hakitibu hali hiyo. Chakula cha kutosha ndicho dawa. Hivyo hivyo kwa binti mwanariadha anayefanya mazoezi makali bila kula kwa kiasi kinacholingana: hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo, hiyo ni taarifa ya hatari, na kocha anayeichukulia kuwa ni alama ya mazoezi kukolea anamuumiza mtoto huyo kwa miaka ambayo yeye hatakuwepo kuiona.

Kuhusu chakula chenyewe nitasema machache, kwa kuwa hilo limeandikwa sana. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina takriban miligramu 300 za kalsiamu, na mtindi haukai mbali na hapo. Samaki wadogo wanaotafunwa na mifupa yao ni chanzo kizuri kwa sababu ya hiyo mifupa, ukiitoa umetoa kalsiamu. Mboga za majani zinadanganya: spinachi ina kalsiamu nyingi kwenye jedwali, lakini asidi ya oksaliki iliyomo huishikilia na utumbo hunasa kama asilimia 5 tu, wakati ya maziwa hunaswa karibu asilimia 30 na ya majani ya jamii ya kabichi hufika hata nusu. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani hawasagi vizuri sukari ya maziwa, na wengi wao huanza kuona dalili katika umri huu huu. Tumbo likijaa gesi si deko. Mtindi na jibini ngumu huvumilika zaidi, na wengi huweza glasi moja ikinywewa pamoja na chakula. Anayetumia maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu atikise boksi kwa nguvu kabla ya kumimina, kwa sababu madini hayo hutulia chini na yakabaki humo boksi linapotupwa.

Daktari akiona kidonge kinahitajika, soma kibandiko vizuri. Kalsiamu kaboneti ya miligramu 1,250 humpa mtu miligramu 500 tu za kalsiamu, na humezwa pamoja na chakula. Na hapa kuna mtego mmoja wa wasichana: kalsiamu hupunguza kunaswa kwa madini ya chuma, na binti anayeona hedhi anahitaji chuma kwa ajili ya damu yake. Vidonge hivyo viwili visimezwe kwa pamoja. Kimoja asubuhi, kingine jioni.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mfupa huamuliwa na urithi, kati ya asilimia 60 na 80 kwa makadirio ya kawaida. Binti wa mama mwenye mifupa myembamba huenda asije kuwa na minene. Lakini sehemu iliyobaki si makombo. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2003 ilikadiria kwamba mwanamke ambaye kiasi cha juu kabisa cha mfupa alichowahi kufikia kilizidi cha kawaida kwa asilimia 10 huchelewa miaka 13 kufikia hatua ya mifupa dhaifu. Miaka 13 ya kutembea bila fimbo, ya kuinama na kuinuka, imebebwa na sehemu hiyo ambayo tunaweza kuigusa.

Turudi kwa yule binti wa miaka 11. Wiki zimepita, plasta inakatwa. Mkono unaotoka ndani huwa umesinyaa, ngozi inabanduka, na anaushika kwa mkono mwingine kana kwamba si wake. Hata mfupa wenyewe umepungua madini kidogo kwa hizo wiki chache za kukaa bila kazi, na yatarudi haraka kwa sababu umri unamruhusu. Wazazi wako hapo, wamekwisha kuvaa viatu, wanasubiri kuambiwa waende. Ni dakika tano tu za kukaa tena. Daktari amwulize binti anakunywa nini asubuhi na anakula nini mchana. Amwulize anacheza nini, na ni lini mara ya mwisho aliruka kamba. Halafu, kwa upole na sauti ya chini, amwulize kama ameshavunja ungo, na kama bado, amweleze yeye na mama yake kwamba miaka mitatu inayokuja mifupa yake itakuwa na njaa kuliko wakati mwingine wowote.